Pia ya goti inayoteguka mara kwa mara

Mhariri,

Bado wapo wagonjwa wanaoshonewa tu ukano uliochanika, yaani utepe mgumu unaoishikilia pia ya goti upande wa ndani, na pia huteguka tena. Ni heri kuunda ukano mpya wa upande huo kwa kipande cha kano inayounganisha msuli wa nyuma ya paja na mfupa. Ila tundu la kuufungia ukano huo kwenye fupa la paja likitobolewa hata milimita 5 juu mno, ukano hukaza goti likikunjwa, na gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, huumia.

Picha ya CT (eksirei ya kompyuta) kabla ya upasuaji nayo isirukwe! Ikiwa nundu ya muundi, ile iliyo mbele ya mguu chini ya goti, imekaa upande wa nje wa mfereji ambamo pia huteleza kwenye fupa la paja kwa zaidi ya milimita 20, mara nyingi nundu hiyo hukatwa, husogezwa upande wa ndani na kufungwa skrubu. Mgonjwa aulize kipimo hicho kabla ya kutia sahihi ya kukubali upasuaji.