Msimbo wa PHP ukianikwa, msifute seva

Bwana Mhariri,

Mafundi wa tovuti hapa Bukavu wakiona msimbo wa PHP (lugha ya kuandikia tovuti) umemwagika kwenye kivinjari badala ya ukurasa, hufuta kila kitu na kusakinisha upya. Mega za intaneti zinateketea bure! Mara nyingi PHP ipo, ila Apache, programu inayotuma kurasa za tovuti, haijaunganishwa nayo. Kwenye mfumo endeshi wa Debian 12, sakinisha libapache2-mod-php, hakikisha kwa amri a2enmod php8.2, kisha washa Apache upya kwa systemctl restart apache2.

Wenye Nginx, programu nyingine ya kazi hiyo, wakipata kosa la 502 baada ya kutoka Debian 11 kwenda 12, watazame mstari wa fastcgi_pass kwenye mipangilio yake, unaoelekeza kwenye soketi (njia ya kufikia PHP): huenda bado unataja php7.4-fpm.sock, ilhali soketi ya Debian 12 ni /run/php/php8.2-fpm.sock. Wapime mipangilio kwa amri nginx -t kwanza, ndipo waiwashe Nginx upya.

Faili ya phpinfo, inayotumika kujaribu kama PHP inafanya kazi, ifutwe siku hiyohiyo. Inawaonyesha wezi mipangilio ya seva.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu