Risala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Sayansi, Malindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakuu wa chuo, wazazi na wageni nyote,

Assalamu alaikum. Karibu Malindi. Sisi wahudumu wa maabara ya wanyama na wanafunzi wa famasia twaomba kukueleza jinsi dawa ya usingizi inavyopimwa kwa panya, na pale kipimo hicho kinapodanganya.

Panya wa gramu 25 hupewa kwanza dawa inayochunguzwa, tuseme ya mzizi. Nusu saa baadaye huchomwa tumboni sindano ya pentobabitali, dawa ya kulaza, miligramu 40 kwa kilo. Kwake yeye ni miligramu 1 tu, katika robo mililita ya maji ya chumvi. Kisha hulazwa chali. Panya aliye macho hakubali kukaa chali, hujipindua papo hapo. Akishindwa, saa huanza kuhesabu. Akijigeuza mara tatu ndani ya sekunde 30, saa husimamishwa. Kundi jingine hupewa maji ya chumvi matupu badala ya dawa, jingine dayazepamu, dawa ya kutuliza inayojulikana, na mshika saa hatakiwi kujua nani kapewa nini.

Hapa ndipo wengi huteleza: usingizi ukirefuka, husema dawa inayochunguzwa ndiyo inayolaza. Pentobabitali huvunjwa na ini. Mzizi ukizubaisha vimeng'enya vya ini vinavyoivunja, panya atachelewa kuamka ilhali mzizi wenyewe hauna chembe ya usingizi. Uhakiki wake ni mwepesi, na inasikitisha kwamba hurukwa: rudia kwa babitali, dawa kongwe ya mwaka 1903, ambayo sehemu yake kubwa hutoka kwenye mkojo kama ilivyoingia. Usingizi usiporefuka safari hii, kilichoguswa yaelekea ni ini.

Aliyelegea misuli naye hajigeuzi, kwa hivyo panya wengine, waliopewa dawa inayochunguzwa peke yake, hupandishwa kwenye fimbo inayozunguka kuona kama wataanguka. Usingizi wenyewe huthibitishwa na nyaya zinazosoma umeme wa ubongo na wa misuli. Nyaya hizo zisomwe giza linapoingia, maana panya ni kiumbe wa usiku. Mchana amekwisha kulala, dawa itamwongezea nini?

Lililo gumu zaidi kwetu pwani ni joto. Pentobabitali hushusha joto la mwili, na panya aliyepoa huivunja polepole. Dakika zilizopimwa wakati wa kaskazi hazilingani na za kusi, chumba ni kile kile. Ndiyo maana panya hulazwa juu ya kitanda chenye joto, mwili ubaki karibu na nyuzi 37. Stima ikikatika katikati ya kipimo, kazi ya siku nzima hutupwa, na wanyama wengine huchomwa sindano upya. Hilo latuuma.

Mheshimiwa, twaomba jenereta ya chumba cha wanyama, na mizani inayosoma hadi gramu 0.1, kwani kukosea gramu 5 kwa panya wa 25 ni kukosea moja ya tano ya dozi.

Twawasilisha kwa heshima.