Wanaofunga nyumba masika hii

Asalam aleikum wanakikundi. Wale mnaosafiri mkaacha nyumba tupu kuanzia Machi mpaka Mei, iwe Raskazone iwe Chumbageni, msipige kufuli tu mkaondoka. Mwenzetu wa Uingereza anasema huko winta watu wanamwaga maji yote kwenye mabomba yasije yakaganda yakapasua bomba, sisi Tanga barafu hatuna ila unyevu jamani ni balaa, mwaka jana nilirudi nikakuta godoro limeota ukungu na kabati zima linanuka uvundo kisa nililisukumia ukutani kabisa. Acheni nafasi, milango ya kabati wazi, godoro lisimame. Frij toeni kila kitu, zimeni, futeni mpaka ikauke na mlango ubaki wazi kidogo. Koki ya maji pale kwenye mita fungeni, gesi nayo. Tundu la maji bafuni mwagieni maji halafu mafuta ya kula kidogo juu, yasikauke haraka mkarudi kukuta harufu na mende. Mifereji ya bati isafishwe mapema, simtanki lifunikwe mbu wasizaliane. Ufunguo mmoja apewe jirani, ile ya kuficha chini ya chungu cha maua mtaa mzima unaijua 😂

Anayetaka fundi wa mifereji anicheki inbox leo, anapita Jumamosi.