Mtoto mwenye malaria asinyimwe uji

Mhariri,

Ile habari yenu kwamba mgonjwa wa malaria anyimwe sukari "ili vimelea vife njaa" imenifanya nishike kalamu, mimi niliyewasoma miaka kumi na minane bila kuwaandikia hata mstari mmoja.

Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyotuponza. Kimelea kikishajificha ndani ya chembe nyekundu ya damu hakijiwekei akiba. Kinaishi kwa glukosi, yaani sukari ya damu ya mgonjwa, saa kwa saa, kinaivunja upesi na kutema asidi ya laktiki. Lakini ubongo wa mtoto unaishi kwa glukosi hiyohiyo! Mtoto mwenye homa hali chakula, akiba ya sukari kwenye ini inakwisha, na anayeanguka kwanza ni yeye, si kimelea.

Mjukuu wangu ana miaka minne. Hapa Sikonge tunarina asali, nyumbani haikosekani, na mkamwana wangu aliifungia kabatini kwa sababu yenu. Uji wa sukari akaukataza. Siku mbili mtoto alimeza dawa mseto kwa maji matupu, dawa ambayo mwili huipokea vizuri ikiliwa na chakula chenye mafuta! Alfajiri ya siku ya tatu macho yakageuka, mwili ukakakamaa, na jirani akasema ni degedege, apelekwe kwa mganga. Nikampakata kwenye bodaboda hadi zahanati. Tabibu, Mungu ambariki, alilowesha sukari akaiweka chini ya ulimi wa mtoto, akatuandikia rufaa. Hospitali walipopima, sukari ya damu bado ilikuwa 1.9 mmol/L, na chini ya 2.2 ni hatari. Wakamtundikia dripu ya glukosi.

Pale zahanati mashine ya kupimia sukari ipo, stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, hakuna. Eti zinaletwa siku ya kliniki ya kisukari. Hivi mtoto wa malaria achague siku ya kuzimia? Mkoa wenye mbu kama huu, kila zahanati iwe na pakiti ya stripu 50 kwenye droo ileile ya vipimo vya malaria, na ufunguo abaki nao muuguzi wa zamu ya usiku.

Nanyi chapeni masahihisho, ukurasa uleule, herufi zilezile: vijiko vinne vya chai vya sukari, visivyojaa kilima, kwenye kikombe cha maji safi cha mililita 200, kwa mtoto anayeweza kumeza, huku akipelekwa hospitali.

Babu mrina asali,
Sikonge, Tabora