Harambee ya Mikoko ya Jomvu Kuu: Tusaidieni Kulinda Kilichopandwa

Ndugu, jamaa na marafiki, mlio nyumbani na mlio mbali,

Salamu nyingi kutoka Jomvu Kuu, ukingoni mwa hori ya Tudor, Mombasa. Sisi ni kikundi cha watu 41: kina mama ndio wengi, kisha wavuvi, vijana waliomaliza shule na hawajapata kazi, na wazee wachache wanaoijua hori hii tangu zama za ngalawa. Kila wiki kila mmoja wetu hutoa shilingi mia moja. Kwa njia hiyo tumefikisha shilingi 143,500. Tunahitaji 620,000. Zilizobaki, 476,500, tunakuja kuziomba kwenu.

Tuseme mapema jambo ambalo huenda likawashangaza. Sehemu ndogo tu ya pesa hizi ni ya miche. Nyingi ni za kulinda msitu uliopo na ile miche ambayo bahari yenyewe imeanza kuiotesha. Tunajua watu hupenda kuchangia kupanda, maana mti ukipandwa unaonekana siku hiyo hiyo na mtu anarudi nyumbani moyo umetulia. Nasi tulipenda hivyo. Ngojeni tuwaeleze kilichotubadilisha.

Miaka minne iliyopita tulipata wageni. Walikuja na mabasi mawili, fulana mpya, vipaza sauti, mgeni rasmi na miche 3,000 ya mkoko. Tulipanda nao asubuhi nzima kwenye tope jeupe lililo mbele kabisa, linaloangalia maji, kwa kuwa pale palikuwa peupe na picha zilitoka nzuri. Mimi mwenyewe nilipanda safu mbili. Tuliimba, tukala pilau, wageni wakaondoka kwa shukrani. Ilipotimia miezi mitano, kijana wetu mmoja alishuka na daftari wakati maji yamekupwa ili ahesabu. Alirudi upesi kuliko tulivyotarajia. Miche iliyosimama ilikuwa 11.

Hatukuwa na haki ya kumlaumu mtu, kwa sababu nasi tulikuwapo na hatukufungua mdomo. Aliyeufungua, tena baadaye sana, ni mzee wetu mmoja ambaye ujana wake wote aliumaliza akikata boriti. Huyu anaujua msitu kwa mikono. Ukimwonyesha mti atakuambia kama ni fito, pau, mazio, boriti au nguzo, na zamani korja moja, yaani miti ishirini, iliuzwa kwa bei gani. Tulipomwonyesha lile tope lenye vijiti vilivyokauka, alitikisa kichwa akasema: "Wanangu, mkoko mmeupanda kwenye nyumba ya mlilana."

Hapo ndipo tulipoanza kujifunza upya mambo ambayo bibi zetu waliyajua. Mikoko ya Kenya ni aina tisa, na kila aina ina mahali pake kwa jinsi maji yanavyopanda na kushuka. Mlilana ndio unaovumilia kukaa mbele, kupigwa na mawimbi na kufunikwa na maji kwa saa nyingi. Nyuma yake hukaa mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui. Hufuata muia, kisha mkandaa. Mchu, ambao mizizi yake huchomoza juu ya tope kama penseli, unastahimili chumvi kuliko wenzake, ndiyo maana utaukuta hadi kule juu ambako maji hufika wakati wa bamvua tu, zile siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Ukiuhamisha mti kutoka kwake, hata ungeuimbia nyimbo zote, hautakaa.

La pili tulilojifunza ni maji. Mkoko una mbegu ya ajabu: huota ingali juu ya mti mama, ikarefuka kama kijiti cha kijani, kisha ikadondoka na kuelea mpaka ipate tope linaloifaa. Maana yake ni kwamba pale ambapo miti mama ipo na maji yanaingia na kutoka bila kizuizi, msitu hujipanda wenyewe. Sisi tulikuwa na kipande kizima nyuma ya makaburi ambacho hakioti kitu, na kila mtu alisema ardhi imekufa. Kumbe mkondo uliokuwa ukipeleka maji pale ulikuwa umezibwa na kifusi cha ujenzi na udongo ulioteremka na mvua. Tuliufukua kwa majembe, watu 20, kwa siku sita za maji kupwa, baada ya kupata ruhusa ya watu wa misitu. Hatukupanda hata mche mmoja. Leo, miaka miwili baadaye, kuna karibu ekari moja na nusu ya michu na mikoko michanga, mingine imenifika kiunoni. Ukitulia pale asubuhi utasikia tope linatoa vile vilio vidogo vya kaa wakiingia mashimoni mwao.

Udongo si jambo dogo. Wakubwa wanakumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998, zilivyoshusha udongo kwenye hori ya Mwache, upande wa pili wa mji, ukaifukia mizizi inayopumua na mikoko ikafa ikiwa imesimama. Kwetu mito ya Kombeni na Tsalu hufanya vivyo hivyo kila mvua za masika zinapokuwa kubwa, ila kidogo kidogo. Watafiti walipolinganisha hali ya mwaka 1992 na ya 2009 walikuta sehemu kubwa ya mikoko ya hori ya Tudor imetoweka. Sisi hatukuhitaji picha za angani kulijua hilo. Shangazi yangu alikuwa akichota uduvi kwa kitambaa cha kanga hatua chache kutoka mlangoni kwake. Sasa wavuvi wetu huvuka hadi mdomoni mwa hori kutafuta kitoweo cha siku moja.

Sasa niwaambie mche unakufaje, maana hili ndilo tunaloliombea pesa. Mwezi uliopita niliinama kwenye mchu mmoja mchanga uliofika gotini. Pampasi iliyofumuka ilikuwa imeuzunguka, juu yake kipande cha gunia la plastiki, na uzi wa gunia hilo umeingia ndani ya gome. Kila maji yakijaa taka ile inapanda na kuuvuta mti upande mmoja, yakipwa inaulalia. Niliufungua taratibu kama mtu anayefungua kidonda, na bado gome likatoka na uzi. Tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, mifuko imepungua kweli, hilo tunalishukuru. Lakini chupa, magunia na pampasi bado zinateremka na mitaro miwili mikubwa inayotoka mitaa ya juu, na mvua moja nzuri inatosha kufunika kazi ya mwezi. Tunataka kuweka wavu mzito kwenye midomo ya mitaro hiyo, na vijana wawe wanauondolea taka kila maji yanapokupwa. Nyavu mbili na vyuma vyake ni shilingi 70,000.

Halafu kuna panga. Wanaokata ni majirani zetu, na hatutaki kuwaandika kama maadui. Wapo wanaopika pombe haramu mle ndani kwa sababu msitu unaficha moshi. Lakini wengi ni mama mwenye watoto wanne, makaa yamepanda bei, na kuni ziko mita mia mbili kutoka jikoni kwake. Ukimfukuza mchana atarudi usiku. Kwa hiyo tumetenga shilingi 90,000 za majiko banifu 60, yale yanayotumia kuni kidogo, ya shilingi 1,500 kila moja, yaende kwanza kwa nyumba ambazo sisi wenyewe tunajua zinakata. Kina mama wa kikundi wameshapita nyumba hizo, wakakaa, wakaongea, na orodha ipo. Katika kazi zetu zote, hii ndiyo ninayoiamini zaidi.

Fungu kubwa kabisa ni posho ya walinzi wanne, shilingi 6,000 kwa mwezi kila mmoja, kwa mwaka mzima: shilingi 288,000. Najua kuna watakaouliza kwa nini tulipane kulinda kitu chetu wenyewe. Kwa mwaka na nusu wamelinda bure. Mmoja wao ni yule mzee wa boriti. Mwingine ni kijana anayebeba mizigo sokoni Kongowea alfajiri, anarudi saa nne, anaingia kwenye matope bila kulala. Mtu wa namna hiyo siku moja mtoto wake ataugua, atakwenda kutafuta kibarua, na hatutakuwa na uso wa kumwuliza. Elfu sita haimtajirishi mtu. Inamwezesha kubaki.

Walinzi hao wanaazima mtumbwi wa mvuvi, na mvuvi akitoka nao hawana cha kuwavusha upande wa ng'ambo, ambako ndiko panga linalia zaidi. Mtumbwi wao na makasia ni shilingi 85,000. Kitalu kidogo cha mililana na mikoko, kwa ajili ya sehemu chache ambazo mbegu haziwezi kufika zenyewe, ni 60,000. Mabuti, glavu, majembe na toroli ni 27,000. Hesabu ndiyo hiyo yote.

Kuna ndugu aliyeniuliza: hayo si ya serikali? Ni kweli, mikoko ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932. Lakini Sheria ya Misitu ya 2016 inawapa wanajamii nafasi ya kushiriki kuutunza kupitia jumuiya ya msitu, na sisi tumeingia kwa mlango huo. Na hatuanzi jambo geni. Tazameni Gazi, kule Kwale. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianza mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013, wakalinda hekta 117, wakauza hewa ya kaboni, yaani wanaochafua hewa kwingineko huwalipa kwa ile inayohifadhiwa na miti na tope lake, na mapato yakaleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 walipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata nyayo zao. Sisi msitu wetu ni mdogo, umejeruhiwa, na umebanwa na jiji, kwa hiyo hatuwaahidi pesa za kaboni. Tunachowaahidi ni kwamba mwaka ukiisha mtakuja na daftari lenu, mtahesabu wenyewe.

Kuhusu pesa, ni haki yenu kujua zinavyoshikwa. Akaunti ya kikundi ina watia sahihi watatu, wawili kati yao ni wanawake. Kila baada ya miezi mitatu mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ubao nje ya banda la wavuvi, na kila aliyechangia atatumiwa nakala kwa simu, awe ametoa elfu hamsini au hamsini. Namba ya kutuma kwa M-Pesa imeandikwa kwenye kadi za harambee. Tafadhali tumieni hiyo tu, msitume kwa simu ya mtu binafsi hata akiwa ni mimi.

Ndugu zetu mlioko Doha, Jeddah, Muscat na kwingineko, tunajua simu zenu zinaita kila siku na kila anayepiga ana shida yake. Wengi wenu mlijifunza kuogelea kwenye hori hii, na wengine mlisomeshwa na kaa na kamba waliotoka humu. Mkiweza kujikusanya watano au kumi mkalipia mlinzi mmoja kwa mwaka, ni shilingi 72,000, na tutawatumia jina lake na taarifa yake ya kila mwezi. Anayeweza jiko moja, alete jiko moja. Fundi wa mitumbwi, fundi wa kuchomelea, mwalimu anayeweza kuleta darasa lake Jumamosi kuokota taka, nanyi pia mnahitajika, na kazi yenu tutaiandika daftarini kama mchango wa pesa. Wazee wa msikiti, na wachungaji wa makanisa yaliyo jirani, tunawaomba mtusomee barua hii baada ya ibada.

Harambee yenyewe ni Jumamosi tarehe 18 Aprili. Tarehe hii tumeichagua kwa kalenda ya mwezi. Itakuwa bamvua, na maji yatakuwa yamekupwa vizuri mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo kabla ya kutoa chochote mtashuka nasi mkaone: kwanza lile tope la miche 11, kisha ule mkondo tulioufukua. Hatukualika mgeni rasmi wala hatutagawa fulana. Watakaozungumza ni wawili tu, mzee wetu na mama anayeshughulikia majiko, kisha kadi zitakusanywa na jumla itasomwa papo hapo.

Tukutane saa tatu kwenye banda la wavuvi. Vaeni viatu msivyovionea huruma, na mwenye watoto aje nao, kuna mabuti madogo ya kuazima. Maji yakianza kujaa, saa sita hivi, tutakuwa tumerudi nchi kavu, na chai na mahamri vitakuwa tayari.

Wenu,
Katibu, kwa niaba ya wanakikundi wote
Jomvu Kuu, Mombasa