Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kwa Nini Tuliikataa Ile Jeti

Wanachama wenzangu, wazee wetu mliozeekea kwenye karakana za Uwanja wa Ndege wa Wilson hapa Nairobi, nanyi vijana mliojiunga mwaka huu, hamjambo.

Mambo ya kawaida nitayapitia mbio. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na maswali ya pesa mwelekezeeni mweka hazina, ndiyo kazi tuliyomchagulia. Wenzetu wawili wametangulia mbele ya haki. Tutasimama kwa dakika moja kabla ya chai.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililojaza ukumbi leo. Mwanachama mwenzetu alituletea pendekezo: yupo rafiki yake mwenye jeti ya kivita ya zamani, mali yake binafsi, aliye tayari kuileta iruke siku yetu ya wazi pale Wilson, mradi sisi tutafute vibali na wafadhili. Kamati ilikataa. Tangu hapo nimeitwa mwoga, nimeitwa mzee aliyechoka, na kwenye kundi letu la WhatsApp kuna aliyenibandikia picha ya kuku. Niliiona. Kuku mwenyewe alikuwa mnono.

Niwaambie ukweli: kura yangu ya kwanza ilikuwa ndiyo. Mimi ni yule mtoto aliyekuwa akiacha sahani na kukimbilia nje sikukuu ya Jamhuri, Strikemaster za Jeshi la Wanahewa zikipita juu ya mabati yetu. Mngurumo ule ukishakuingia kifuani hautoki. Kilichonigeuza ni masimulizi ya ajali moja ambayo katibu alitusomea usiku ule, nasi tukaenda nyumbani kila mtu kimya.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 24 Septemba 1972, mjini Sacramento, Marekani. Maonyesho ya ndege yalikuwa yamefanyika, na jeti moja ya zamani ya kivita aina ya Sabre, iliyoundwa na kampuni ya Canadair, mali ya mtu binafsi, ilikuwa ikiondoka. Haikupaa. Ilipita mwisho wa njia ya kurukia, ikavuka barabara kubwa na kuingia kwenye duka la aiskrimu la Farrell's, mahali ambapo familia zilipeleka watoto kusherehekea siku za kuzaliwa. Mafuta yakawaka. Watu 22 walikufa, 12 kati yao watoto. Rubani alipona.

Mtu atasema, jeti kuukuu, bila shaka injini ilizima. Hapana. Wachunguzi walisema pua iliinuliwa kupita kiasi wakati wa kupaa, na kwamba rubani hakuwa na mafunzo ya kutosha. Saa zake za kuirusha aina ile hazikufika nne. Wazee wa karakana wanajua maana yake, lakini acha niwaeleze vijana. Ukivuta usukani mapema mno, pua inainuka ilhali mabawa hayajapata mwendo wa kuubeba mzigo. Ndege inaacha kukata hewa, inaikinga kama mtu aliyebeba godoro kwenye upepo. Injini inanguruma kwa nguvu zote, mwendo hauongezeki, na njia inaisha. Dawa yake ni kuishusha pua ili mwendo urudi, na hebu jiulize ni nani atakayeishusha pua huku akiona barabara na magari mbele yake. Mkono hauyajui hayo kwa kusoma kitabu. Tena kila aina ya ndege ina pua yake.

Sacramento ule uwanja hauzidi mita 10 juu ya usawa wa bahari. Wilson iko karibu mita 1,690. Siku ya jua la nyuzi 28, hewa yetu ni nyepesi kuliko hewa ya kawaida ya usawa wa bahari kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Bawa lile lile hulazimika kuongeza kasi kwa zaidi ya asilimia 10 ndipo libebe, na injini nayo inameza hewa hiyo hiyo nyepesi. Njia zetu pale hazifiki mita 1,600. Upande mmoja tuna mbuga, ambapo jeti ikianguka itamkuta swara. Upande mwingine kuna Barabara ya Lang'ata, na mnajua Jumapili mchana matatu zinavyosongamana hapo.

Wengine mlisema twende Embakasi, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, kwenye njia ya zaidi ya mita 4,000. Ni hoja nzuri, nami niliitafakari. Lakini ni njia hiyo hiyo ambayo Boeing 747 ya Lufthansa iliitumia tarehe 20 Novemba 1974, ikiwa na marubani wa kulipwa na orodha za ukaguzi mikononi. Vibawa vya mbele ya mabawa, vinavyosaidia bawa kubeba kwa mwendo mdogo, havikuwa vimefunguka. Ndege iliinuka kidogo ikarudi chini, na kati ya watu 157 walikufa 59. Urefu wa njia haukuwaokoa.

Sisemi jeti za zamani zipigwe marufuku. Marekani yenyewe ilikaza masharti ya marubani baada ya Sacramento, na jeti za kivita bado zinaruka huko. Tulimuuliza mwenye jeti swali moja tu: rubani wake ameirusha aina hiyo saa ngapi, na ngapi kati ya hizo kutoka uwanja ulioinuka kama wetu? Jibu lilikuja likieleza rangi mpya ya ndege na vyeti vya injini. Saa hazikutajwa. Tukauliza tena, na hatukujibiwa.

Siku ya wazi ipo pale pale. Cessna tatu za wanachama zitaegeshwa, injini baridi, watoto wapande na kushika usukani.

Kamati inaleta kifungu kipya cha katiba: pendekezo lolote la maonyesho ya kuruka liambatane na kumbukumbu za saa za rubani kwa aina husika, na ramani ya kilichoko mwisho wa njia pande zote mbili. Naona mkono wa mwanachama aliyeleta jeti umeinuka. Karibu, ndugu yangu, wewe ndiwe wa kwanza kuzungumza.