Printf haijui skrini

Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme kidogo walimu wanaofundisha lugha ya C. Mpwa wangu amerudi likizo hapa Busia na karatasi yake ya mtihani. Aliambiwa aandike programu ya kutoa salamu kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, akatumia puts, amri ya C inayoandika mstari kama ifanyavyo printf. Kakatwa alama mbili, na pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu: "Tumia printf, ndiyo inayoandika kwenye skrini."

Alama mbili si kitu. Linaloniuma ni hilo neno "skrini".

Printf haijui skrini. Yenyewe huyapeleka maneno kwenye mkondo uitwao stdout, na mkondo huo una bafa, mahali herufi zinaposubiriana ndipo zisafiri pamoja, kama taksi ya Kampala isiyotoka paki mpaka kiti cha mwisho kipate mtu. Stdout ikiishia kwenye dirisha la terminali, kwa kawaida taksi huondoka kila inapofika \n, alama ya mwisho wa mstari. Ikielekezwa kwenye faili, \n haimshtui dereva tena. Atangoja bafa ijae, ambayo kwenye Linux mara nyingi ni baiti 4,096.

Haya niliyajua kwa aibu. Niliwaandikia wenye stoo moja ya mahindi karibu na mpaka programu ya kusoma mizani ya kidijitali. Kila gunia, mstari mmoja: "Gunia 14: kilo 102". Kwenye dirisha ilikuwa raha kuitazama mistari ikishuka. Kisha mwenye stoo akataka kumbukumbu ihifadhiwe, nami bila kugusa hata herufi moja ya programu nikaongeza > leo.txt mwishoni mwa amri, ili stdout iende kwenye faili hilo. Asubuhi hiyo yakapimwa magunia 61. Saa saba mchana karani, mama mmoja mpole, akafunga dirisha kwa ile alama ya X akaenda kula. Kufungua leo.txt: faili lipo, baiti sifuri. (Wala haikuwa stima safari hii.) Mistari 61 yenye herufi kumi na tisa hivi haifiki hata baiti 1,200. Taksi haikuwa imejaa, safari ikafutwa abiria wakiwa ndani.

Wakulima walilipwa kwa sababu yule mama alikuwa akiandika kila gunia kwenye daftari la shule. Mashine yangu hakuiamini tangu siku ya kwanza, na hakunificha.

Dawa ilikuwa fflush(stdout), amri ya kuiondoa taksi hata kama haijajaa, baada ya kila mstari. Ujumbe wa makosa nikauhamishia stderr, mkondo wa pili ulio wa makosa, ambayo haina subira: ikipewa neno hulitoa papo hapo.

Tukirudi kwa puts, hiyo hujiongezea \n yenyewe; ndugu yake fputs haiongezi. Mkata alama ajue kwamba gcc, kompaila inayoigeuza C kuwa programu, ikikuta printf("Habari\n"), aghalabu huigeuza puts kimyakimya. Tena hatari iko kwa printf: mwanafunzi akiandika printf(jina), na aliyejaza jina akatia %s au %n, ambazo printf huzisoma kama maagizo, programu yaweza kuanguka au kuvamiwa. Hilo sikuliona kwa wino wa rangi yoyote.

Kijana anarudi chuoni Jumatatu. Nimempa programu fupi inayoandika mstari mmoja kila sekunde. Ataiendesha kwanza dirishani, halafu aielekeze kwenye faili na kuikatisha kwa Ctrl-C kabla haijaisha. Nimemwambia amwombe mwalimu alifungue faili hilo kwa mkono wake.

Fundi wa kompyuta,
Busia, Uganda